Bomba Lipi? Kutambua na Kuzibua Bomba la Maji ya Mtonesho katika Boila ya Nyumbani

Utangulizi

Neno bomba ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayobeba mizigo mingi. Kwa Mtanzania wa bara, bomba ni mahali pa kutekea maji, na pia ni mrija mrefu unaoyapitisha maji hayo. Kuna bomba la gesi, bomba la moshi, bomba la maji machafu na hata bomba la sindano. Mkenya au Mzanzibari huenda akasema mfereji pale Mtanzania wa bara anaposema bomba. Mkongomani husema robine kwa mahali pa kutekea, na tiyo kwa mrija. Katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, yaliyofunguliwa mwaka 1994, maneno haya yote hukutana na neno mpopi la Kichichewa, na watu huelewana kwa kuoneshana kidole.

Darasani tofauti hizi hutufurahisha. Lakini kwenye simu hakuna kidole cha kuoneshea. Zipo siku ambapo kutojua ni bomba lipi linalozungumziwa kunaweza kuiacha familia bila joto usiku wa baridi kali, au kumfanya mtu ashike bomba ambalo hakupaswa kulishika kabisa.

Makala haya yanahusu bomba moja tu, nalo ni lile linalotoa maji ya mtonesho kwenye boila ya kupashia nyumba joto. Katika nyumba za Biwi na mitaa mingine ya Lilongwe boila za aina hii hazihitajiki, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huishia kwenye sweta na blanketi. Hata hivyo, watu wengi wa Dzaleka na Lilongwe wana jamaa waliokwenda kuishi Uingereza, Kanada, Marekani na kwingineko kwenye baridi. Mashine ya joto inapozima alfajiri, mara nyingi anayepigiwa simu kwanza ni ndugu anayesadikiwa kuwa na ufundi, hata kama yuko Malawi. Saa 12 asubuhi ya Uingereza wakati wa baridi ni saa 2 asubuhi Lilongwe, kwa hiyo fundi wa Biwi tayari ameamka na simu yake iko wazi.

Tunakusudia kueleza mambo matatu: maji haya yanatoka wapi, tutajuaje kwamba bomba lake limeziba, na ni hatua zipi mwenye nyumba anaweza kuzichukua bila kuhatarisha maisha. Mwishoni tunapendekeza namna ya kulitumia somo hili darasani.

Tuanze na tunachokijua

Fundi wa viyoyozi mjini Lilongwe analijua tatizo hili, ingawa kwa sura nyingine. Mvua zinapoanza, kuanzia Novemba hadi Aprili, hewa hujaa unyevu. Kiyoyozi huivuta hewa hiyo na kuipitisha kwenye mabomba yaliyo baridi sana. Unyevu unapogusa ubaridi hugeuka matone, kama matone yanayotokea nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone huangukia kwenye trei iliyo chini, kisha hutoka nje kwa bomba jembamba la plastiki.

Bomba hilo likiziba, maji hujaa kwenye trei na kuanza kuchuruzika ukutani. Sababu ni za kawaida: vumbi lililochanganyika na maji likawa tope, utelezi wa kijani unaoota ndani ya bomba, au nyigu waliojenga kiota cha udongo kwenye mdomo wa bomba kule nje. Fundi huzima umeme, hutafuta mwisho wa bomba, hutoa uchafu, kisha humimina maji kwenye trei na kuangalia kama yanatoka upande wa pili. Hajagusa gesi ya kiyoyozi wala nyaya zake. Amefuata njia ya maji tu.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye boila. Anayeweza kuzibua bomba la kiyoyozi Biwi ameshapata nusu ya elimu ya kuzibua bomba la boila Sheffield. Nusu iliyobaki ni kujua kwamba kwenye boila adui mkubwa ni barafu, na kwamba kuna moto na gesi karibu.

Maji yanatoka wapi?

Wengi hushangaa kusikia kwamba moto huzaa maji, lakini ndivyo ilivyo. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo imeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Inapoungua, kaboni huungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi, na haidrojeni huungana na oksijeni na kuwa maji. Kilo 1 ya methani ikiungua kabisa hutoa kilo 2.25 za maji. Maji hayo hayaonekani kwa sababu hutoka yakiwa mvuke ndani ya moshi.

Boila za zamani ziliuacha mvuke huo uende zake nje pamoja na joto lake. Boila za mtonesho hufanya kinyume. Huupitisha moshi kwenye sehemu iliyopoozwa na maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta za vyumbani. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 55 za Selsiasi hivi, mvuke uliomo huanza kugeuka matone, na unapogeuka huachia joto ambalo boila hulitumia tena. Hapo ndipo uokoaji wa gesi unapopatikana. Ndiyo maana kuanzia Aprili 2005 kanuni za ujenzi za England na Wales zilitaka boila nyingi mpya za gesi za majumbani ziwe za aina hii.

Faida hii ina gharama yake: maji lazima yapate pa kwenda. Boila ya nyumbani ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kutoa hadi lita 2 hivi kwa saa. Maji hayo yana asidi kidogo, hayafai kunywewa, na huweza kula baadhi ya metali. Kwa sababu hiyo bomba lake hutengenezwa kwa plastiki, na plastiki hiyo ndiyo alama yetu ya kwanza ya kulitambua. Mabomba mengine yanayoingia kwenye boila, yaani ya gesi, ya maji safi na ya rejeta, kwa kawaida ni ya shaba.

Hapa tuseme neno kuhusu istilahi. Tunatumia mtonesho kutokana na kitenzi kutona, ambacho kimezaa pia nomino tone. Msomaji anaifahamu kauli ya kutonesha kidonda. Huko ni kukigusa kidonda kikaanza kuuma upya. Katika fizikia, kutonesha ni kuufanya mvuke uwe matone. Neno linajieleza lenyewe kwa mtu aliyewahi kuona umande, na ni rahisi kulifundisha kuliko kondensesheni.

Njia ya maji

Tukitaka kumwelekeza mtu kwa simu, ni lazima tuijue njia yote. Matone hukusanyika chini ya boila na kuingia kwenye kona yenye maji, ambayo mafundi wengi huiita trapu. Kazi yake ni sawa na ile ya kona iliyo chini ya sinki la jikoni. Sinki huzuia harufu. Trapu ya boila huzuia moshi usipite kwenye bomba la maji na kuingia nyumbani. Katika boila nyingi trapu hukusanya maji kwanza, kisha huyaachia kwa mkupuo, ili yasitoke tone kwa tone na kuganda njiani.

Kutoka hapo bomba la plastiki huenda kwenye bomba la maji machafu. Katika nyumba nyingine hubaki ndani hadi mwisho, likaungana na bomba la sinki. Katika nyingine hutoboa ukuta, likashuka nje na kumwaga maji kwenye shimo la maji machafu. Hilo la pili ndilo lenye matatizo wakati wa baridi.

Desemba 2010 ilidhihirisha jambo hilo. Uingereza ilipata Desemba yenye baridi kuliko zote kwa muda wa miaka 100, na boila nyingi zilizima kwa sababu bomba la nje liliganda. Boila zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni njia ya maji.

Jinsi ya kutambua

Bomba likiziba, maji hurudi nyuma na kujaa ndani ya boila. Boila hugundua kwamba mambo si sawa, hujizima kwa usalama na kukataa kuwaka. Mwenye nyumba huona rejeta zimepoa na maji ya kuoga ni baridi. Hata hivyo, boila huweza kuzima kwa sababu nyingi, kwa hiyo tusikimbilie bomba kabla ya kuuliza. Tunashauri maswali haya yaulizwe kwa mpangilio:

1. Je, umeme upo, na mita ya gesi ina salio? Nyumba nyingi Uingereza hutumia mita za kulipia kabla, kama zile za umeme wa ESCOM kule Lilongwe. Salio likiisha, boila huzima hata kama ni nzima.

2. Je, kipimo cha presha kwenye boila kinasoma kiasi gani? Boila ikiwa imepoa, kwa kawaida mshale huwa kati ya 1 na 1.5. Ukiwa chini sana, tatizo huenda ni maji ya rejeta kupungua.

3. Je, usiku wa kuamkia leo kulikuwa na barafu nje? Kama hali ya hewa imekuwa chini ya nyuzi 0 kwa saa nyingi, bomba lililo nje hushukiwa kwanza.

4. Je, boila inatoa sauti? Hii ni dalili kubwa. Maji yaliyokwama hugugumia kama mtu anayesukutua koo, hasa boila inapojaribu kuwaka. Wengine husema boila inakoroma.

5. Je, kwenye kioo cha boila kuna herufi au namba? Hiyo ni alama ya hitilafu. Kila kampuni ina alama zake, kwa hiyo maana yake itafutwe kwenye kitabu cha maelekezo cha boila hiyohiyo.

6. Je, bomba la plastiki linatoka nje ya nyumba? Kama halitoki, barafu haihusiki, na tutafute uchafu.

Majibu ya swali la 3, la 4 na la 6 yakiwa ndiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba bomba la maji ya mtonesho limeganda.

Jinsi ya kuzibua bomba lililoganda

Kwanza, boila izimwe kwa swichi yake.

Pili, bomba litambuliwe. Tuanzie chini ya boila, tutafute bomba la plastiki lenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, mara nyingi jeupe. Tulifuate hadi linapoingia ukutani, kisha tutoke nje tulitafute upande wa pili. Bomba la moshi nalo hutoka ukutani, lakini ni nene zaidi, na boila inapowaka hutoa wingu jeupe. Hilo tuliache.

Tatu, mahali palipoganda patafutwe. Mara nyingi barafu hukaa kwenye kona, kwenye sehemu iliyolala bila mteremko, mahali palipo wazi kwa upepo, au kwenye mdomo wa bomba karibu na shimo. Mkono ukipitishwa juu ya bomba huweza kuhisi sehemu iliyo baridi zaidi.

Nne, bomba lipashwe joto polepole. Njia nzuri ni kulifunga kwa taulo lililolowekwa maji ya uvuguvugu, au kuliegemezea chupa ya mpira yenye maji ya moto. Njia nyingine ni kumimina maji ya uvuguvugu juu ya bomba kwa jagi, kuanzia mdomoni kupanda juu, na kurudia mara kadhaa. Maji yawe ya joto ambalo mkono unaweza kulivumilia. Maji yaliyochemka yasitumike, kwani plastiki iliyoganda huweza kupasuka na mtu huweza kuungua. Moto wa aina yoyote usitumike.

Tano, tuhakikishe. Barafu ikiyeyuka, maji yaliyokwama hutoka kwa kishindo, wakati mwingine pamoja na kipande cha barafu chenye umbo la bomba.

Sita, boila iwashwe na kitufe cha kuanzisha upya kibonyezwe kama kitabu kinavyoelekeza. Ikiwaka na sauti ya kugugumia ikatoweka, kazi imekwisha. Ikikataa baada ya kujaribu mara moja au mbili, tusiendelee kubonyeza, aitwe fundi.

Kuna tahadhari mbili ndogo zinazosahaulika. Maji yanayomwagika chini yataganda na kufanya utelezi, kwa hiyo tunyunyize chumvi. Na kama bomba liko juu kiasi cha kuhitaji ngazi, kazi hiyo iachwe, kwani ngazi juu ya barafu imewavunja wengi.

Ikiwa si barafu

Bomba huweza kuziba hata wakati wa joto. Ndani ya trapu hukusanyika tope jepesi linalotokana na mabaki ya kuungua, na ndani ya bomba huota utelezi. Bomba lililolegea katikati hubakiza maji na uchafu mahali lilipobonyea. Kama bomba limeunganishwa na la sinki la jikoni, tuangalie sinki: likiwa nalo linashusha maji kwa shida, huenda mafuta ya kupikia yameziba njia wanayotumia wote wawili. Hapo kuzibua sinki ni kuzibua boila.

Kanada na Marekani nyumba nyingi hupashwa joto kwa tanuri linalosukuma hewa ya moto vyumbani. Matanuri ya kisasa ya mtonesho hutoa maji yaleyale, lakini mara nyingi bomba lake hubaki ndani, kwenye chumba cha chini ya nyumba, na kumwaga kwenye shimo la sakafuni au kwenye pampu ndogo. Huko barafu si kawaida sana. Kinachoziba ni utelezi, au pampu iliyoacha kufanya kazi. Anayempigia simu ndugu wa Winnipeg asiulize kwanza habari za barafu, aulize kama kuna maji yaliyotuama karibu na tanuri.

Mpaka wa mwenye nyumba na wa fundi

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa makini. Kila tulichoeleza kinahusu bomba la plastiki lililo nje ya boila. Mfuniko wa boila usifunguliwe na mtu asiye na idhini. Kusafisha trapu ni kazi ya fundi pia, hata kama inaonekana rahisi, kwa sababu trapu ikirudishwa vibaya au ikiachwa bila maji, moshi hupata njia ya kuingia nyumbani.

Katika moshi huo kunaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hasa zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja na kupungua wanapotoka nje. Zikitokea, boila izimwe, madirisha yafunguliwe, watu watoke na msaada uitwe. Nchini Uingereza, Scotland na Wales zikiwemo, namba ya dharura ya gesi ni 0800 111 999, na haina malipo. King'ora cha kaboni monoksidi kiwepo katika kila nyumba yenye boila.

Huko huko, fundi wa gesi lazima awe ameandikishwa Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Ana kitambulisho, na mteja ana haki ya kukiona. Aidha, kwa aliyepanga nyumba England au Wales, sheria inamtaka mwenye nyumba kutunza vifaa vya joto na maji moto, na kukagua vifaa vyake vya gesi kila mwaka. Wageni wengi hukaa na baridi kwa kuogopa kuwasumbua wenye nyumba. Kudai huduma hiyo ni haki, wala si usumbufu.

Kuzuia

Kinga ni bora kuliko tiba. Bomba la nje liwe fupi kadiri inavyowezekana, liwe na mteremko usiopungua milimita 45 kwa kila mita 1, na lisiwe jembamba. Kipenyo chake cha ndani nje ya nyumba kisipungue milimita 30. Livishwe sponji la kuzuia baridi lisilopitisha maji. Haya yote fundi anaweza kuyafanya siku moja. Baridi kali ikitangazwa, ni afadhali kuacha joto likiwaka kwa kiwango cha chini usiku kucha kuliko kuizima boila, kwa sababu bomba linalopitisha maji yenye joto haligandi upesi.

Kwa walimu: somo la kufundishia

Tunapendekeza mada hii itumike katika madarasa ya kati na ya juu. Inafaa kwa mambo matatu.

La kwanza ni kauli ya kutendua. Ziba huzaa zibua, funga huzaa fungua, ganda huzaa gandua. Mwanafunzi akiona boila iliyozibwa ikazibuliwa, hatahitaji kanuni ndefu.

La pili ni adabu ya maelekezo. Vitabu vyetu hufundisha hali ya kuamuru kwa mifano kama fungua na zima. Lakini mpwa hamwamuru shangazi yake. Huomba, na kitenzi huingia katika hali ya dhamira: naomba ufungue, tafadhali uzime. Maana ni ileile, lakini heshima imelindwa.

La tatu ni kuuliza hadi neno lenye maana nyingi libaki na maana moja. Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya darasa. Mpwa ni fundi wa viyoyozi Biwi. Shangazi yake, mzaliwa wa Kongo, anaishi Sheffield.

Mpwa: Shikamoo shangazi.

Shangazi: Marahaba baba. Huku tumeamka na baridi, mashine imezima. Jirani anasema bomba limeganda.

Mpwa: Pole sana shangazi. Bomba lipi? La maji safi, la gesi, la moshi, au lile la kumwagia maji ya mashine?

Shangazi: Nitajuaje mwanangu? Yote ni matiyo.

Mpwa: Maji kwenye robine yanatoka?

Shangazi: Yanatoka, ila ni ya baridi.

Mpwa: Basi la maji safi ni zima. Mashine inapojaribu kuwaka unasikia nini?

Shangazi: Inagugumia, kama mtu anayesukutua koo.

Mpwa: Naomba uizime kwanza. Sasa naomba uchungulie chini yake. Kuna tiyo ya plastiki?

Shangazi: Ipo moja nyeupe. Zingine ni za shaba.

Mpwa: Hizo za shaba tuziache. Hiyo nyeupe inakwenda wapi?

Shangazi: Inaingia ukutani. Ngoja nitoke nje... Naam, inashuka hadi kwenye shimo la maji machafu. Mdomoni ina barafu.

Mpwa: Hiyo ndiyo yetu, shangazi. Sasa naomba upashe maji, yasichemke.

Mwalimu awaulize wanafunzi: ni swali lipi la mpwa lililoondoa bomba la kwanza katika orodha? Ni neno gani alilibadilisha ili aelewane na shangazi, na kwa nini hakumsahihisha? Kisha wanafunzi wawili wakae wakiwa wamepeana migongo, mmoja aeleze na mwingine achore njia ya maji. Mchoro ukiwa na makosa, watafute ni neno gani lililopotosha.

Hitimisho

Tumeona kwamba boila ya mtonesho huzima kwa sababu ya kitu kidogo sana, yaani maji yaliyokosa pa kupita, na kwamba mwenye nyumba anaweza kuyafungulia njia kwa taulo na maji ya uvuguvugu, mradi ajue ni bomba lipi la kushika na ni yapi ya kuacha. Tumeona pia kwamba ujuzi huo unaweza kutoka Biwi ukafika Sheffield kwa simu, ikiwa pande zote mbili zina maneno ya kuubeba.

Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na Malawi ni mwanachama wa jumuiya hiyo. Hadhi hiyo ni njema. Lakini lugha hukua pia pale inapomwezesha mama kuwasha joto nyumbani kwake bila kusubiri mkalimani. Ni matumaini yetu kwamba walimu watakaolitumia somo hili watatuandikia maneno wanayoyasikia kwa mafundi wa maeneo yao, ya bomba, ya trapu na ya mtonesho, ili tuyakusanye na kuyalinganisha katika matoleo yajayo.